Leza ya kijani ya mistari 12: miezi 14 saiti, na korido niliyoibomoa

Huu ni mwaka wangu wa 16 kuweka tailizi Dar es Salaam. Miaka 11 ya mwanzo sikuwa na kifaa cha kuchukulia levo, yaani usawa wa kulala, kinachotumia betri. Nilikuwa na pima maji, timazi (uzi wenye uzito nchani, unaoonyesha wima), uzi, futi ya chuma, na mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, mita 15, tuliokuwa tukiujaza maji, mimi nashika ncha huku, saidia fundi anashika kule, kila mmoja akisubiri maji yatulie ndipo apige alama ukutani. Leo naandika kuhusu leza ya kijani ya mistari 12, zile zinazouzwa maduka mengi ya vifaa Kariakoo, upande wa Gerezani. Yangu nilinunua shilingi 165,000, ikiwa na betri mbili, chaja, kistendi na mkoba wa plastiki ngumu. Haina jina la kampuni. Nimeitumia miezi 14, karibu kila siku ya kazi, na nitainunua tena ikiibiwa kesho. Ila kuna jambo ambalo muuzaji hakuniambia nilipokuwa nanunua leza yangu ya kwanza, ile nyekundu iliyoitangulia hii, na kutolijua kulinigharimu korido ya mtu. Nataka fundi mwenzangu alijue kabla hajatoa hela.

Kwanza inafanya nini. Ukiiweka katikati ya chumba na kuiwasha, inachora mizunguko mitatu ya mwanga: mmoja wa levo unaozunguka kuta zote nne, na miwili ya wima inayokatana darini na sakafuni. Muuzaji anahesabu kila mzunguko kuwa mistari minne, ndiyo hiyo 12. Pale miwili ya wima inapokatana sakafuni unapata skwea yako, yaani pembe mraba, imelala chini, huhitaji tena kupima pembetatu ya 3, 4 na 5 kwa uzi na misumari. Chumba cha mita 4 kwa 5 tulikuwa tunakichukulia levo kwa mpira wa maji nusu saa, watu wawili. Sasa ni dakika tano na niko peke yangu. Saidia fundi anachanganya gundi wakati huo. Kwenye kazi ya bafuni, ambako tailizi zinapanda mpaka darini na kila spesa, yaani nafasi kati ya tailizi, inaonekana, mistari ya wima inanisaidia kuliko hata ule wa levo, kwa sababu naona kila safu inavyopanda bila kushuka ngazi kwenda kurudisha timazi.

Ile nyekundu ilipokufa niliifungua mezani nyumbani, kwa sababu nilitaka kujua mstari unatoka wapi. Nilitegemea kukuta taa ndefu. Nilichokuta ni kitundu chenye kipande kidogo kuliko punje ya mchele, na mbele yake lenzi, na mbele ya lenzi kijiti cha kioo cha mviringo, kinene kama njiti ya kiberiti. Basi. Kile kipande ndicho kinachotoa mwanga, lenzi inaukusanya uwe mwale mwembamba, halafu kile kijiti kinautanua upande mmoja tu, kama unavyotandaza chapati kwa kusukuma kuelekea pande mbili pekee. Ukikitoa, unabaki na doa moja ukutani. Nilikitoa, nikaona doa. Nikakirudisha, doa likawa mstari. Kwenye hii ya kijani badala ya kijiti kuna kioo chenye umbo la pia, mwale unapiga nchani na kumwagika pande zote sawasawa, ndiyo maana mstari unazunguka chumba kizima. Unakiona kwa nje kikiwa kimefunikwa na kifuniko cha kioo. Kikipata alama ya kidole chenye gundi, mstari unakuwa na pengo mahali hapo, na unaweza kuhangaika ukidhani mashine imeharibika. Kitambaa laini na maji kidogo kinatosha. Usitumie tina, ile ya kuyeyushia rangi.

Leza ya kwanza duniani aliiwasha Theodore Maiman kule California mwezi Mei 1960, kwa kijiti cha rubi kilichozungushiwa taa ya mmweko. Tofauti ya mwanga huo na wa tochi ni kwamba tochi inatoa mawimbi ya rangi zote, kila moja likienda kivyake, ndiyo maana ukimulika ng'ambo ya uwanja mwanga umeshatawanyika. Wa leza ni wa rangi moja, mawimbi yake yanakwenda pamoja kama watu wanaotwanga kinu kimoja kwa mapigo, na hivyo lenzi ndogo inaweza kuubana ukawa mwembamba na ukabaki mwembamba mbali. Hata huo unapanuka. Wa kwangu ukutani mita 5 ni kama milimita 2, mita 12 umeshafika karibu 5. Kwa hiyo nikipiga alama mbali napiga katikati ya mstari, sipigi kingo, na namwambia saidia fundi afanye hivyo hivyo, maana mmoja akifuata kingo ya juu na mwingine ya chini mmeshapoteza milimita zenu kabla hata ya kuanza.

Kwamba mwanga hunyooka nilikuwa nakiona kwa macho muda mrefu kabla ya kununua kifaa chochote. Stoo ya saiti moja Goba ilikuwa ya mabati ya zamani, yamejaa matundu ya misumari. Ukifunga mlango, kila tundu linashusha mwale mpaka chini, na ndani ya mwale unaona vumbi la saruji likielea. Matundu yalikuwa yamechanika, yana pembe, lakini madoa ya mwanga sakafuni yalikuwa duara. Sikulielewa hilo mpaka tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa. Mchana ule tuliingia kuchukua mifuko ya saruji tukakuta sakafu nzima imejaa miezi miandamo midogo, kila doa limemegwa upande uleule. Madoa yale yalikuwa picha za jua lenyewe. Mwanga unaotoka kila upande wa jua unapita tunduni bila kupinda, unafika chini ukiwa umechora umbo la kule ulikotoka, na umbo la tundu halihusiki sana. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra zaidi ya miaka 1,000 iliyopita na kufanya kazi Cairo, alikuwa akichunguza mwanga kwa vyumba vya giza vyenye tundu, mambo yaleyale ya stoo yetu.

Na mwale wenyewe huuoni. Unachoona ni vumbi linalouangushia mwanga jichoni mwako. Kwenye chumba kisafi leza yangu inaonekana ukutani tu, hapo katikati hewa ni tupu. Ila nikianza kukata tailizi kwa grenda, vumbi likipanda, ghafla kuna karatasi ya kijani imetandazwa hewani kutoka kwenye mashine mpaka ukutani, imelala levo, na vumbi linapita juu na chini yake. Miezi 14 na bado nasimamisha grenda kidogo niitazame.

Kuhusu rangi. Nyekundu zinauzwa bei nafuu na zinakula betri kidogo, na kwa chumba chenye giza zinatosha. Lakini jicho la mtu mchana linaona vizuri zaidi mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 555, ambao ni kijani kinachoelekea njano. Leza nyingi nyekundu za ujenzi ziko nanomita 635 hivi, za kijani ziko karibu 520. Kwa nguvu ileile ya mwanga, jicho linaiona ya kijani kama mara tatu zaidi. Nimeliona hilo sebuleni kwa mteja mwenye madirisha makubwa ya alumini: nyekundu ilipotea mita tatu tu, kijani nikaifuata mpaka mwisho wa ukuta. Nje kwenye jua la saa sita zote mbili ni bure. Kuna kipokezi kinachouzwa peke yake, unakishika ukutani kinalia kikikutana na mstari. Leza unaiweka kwenye hali ya kupepesa, inawaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde, na kipokezi kinautambua mpigo huo katikati ya jua ambalo halipepesi. Yangu ina hali hiyo lakini haikuja na kipokezi, kwa hiyo kazi za baraza na uzio nazichukulia levo alfajiri au baada ya magharibi.

Sasa korido.

Mwanga wa leza umenyooka, hilo halina ubishi. Lakini kunyooka na kuwa levo ni vitu viwili. Ndani ya mashine kile kipande cha mwanga hakijafungwa kwenye kiwiliwili; kinaning'inia. Ni timazi. Timazi ileile ya mzee aliyenifundisha kazi Tanga, imefupishwa na kufichwa ndani ya plastiki, ikiwa na kipande cha shaba kinachobembea karibu na sumaku ili itulie haraka badala ya kuyumba dakika nzima. Ukiiweka mashine pameinama kidogo, hadi digrii 3 au 4, timazi inajirekebisha. Zaidi ya hapo mstari unapepesa au unalia kukuambia hapana. Na kuna swichi ya loki ambayo ukiifunga inaibana timazi isicheze safarini.

Mwaka juzi tulikuwa tunahamia saiti nyingine na nyekundu yangu ilipakiwa kwenye bodaboda, ndani ya ndoo ya vifaa, loki ikiwa wazi. Barabara yote ni mashimo. Kilomita zote hizo timazi ilikuwa inajigonga ndani. Ilipofika ikawaka vizuri, mstari ukasimama, haukulia, na mimi sikuipima. Nikachukua levo sebuleni, mita 8, nikaipeleka alama mbele mpaka mlango wa korido, nikahamisha mashine, nikaendelea na korido mita 5. Kila mara niliiweka uso ukiangalia mbele. Ilikuwa imepinda milimita 7 kwa kila mita 8, na kwa kuwa uso ulikuwa upande uleule, kosa halikujifuta, lilijumlishwa. Upande wa pili alikuwa anakuja fundi mwenzangu kutoka jikoni, yeye na mpira wake wa maji. Tulipokutana mlangoni mwa jikoni, tailizi zangu zilikuwa juu ya zake milimita 11.

Mama mzazi wa mwenye nyumba alikuja jioni kuangalia kazi, na mkongojo wake. Tukasalimiana, nikampa shikamoo, akapita koridoni, na mguu ukagota pale pale. Hakuanguka, namshukuru Mungu. Akageuka akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hapa pana nini?" Nilishindwa kumjibu. Asubuhi yake nilianza kubomoa mita za mraba 9, tailizi mpya na gundi kwa hela yangu, siku tatu. Na aliyekuwa sahihi ni yule mwenye mpira wa maji, kwa sababu maji hayajui kuanguka kwenye bodaboda.

Tangu hapo naipima leza kila Jumatatu na kila ikianguka, na ndiyo sehemu ya maelezo haya ninayoomba uishike. Tafuta kuta mbili zinazotazamana, mita 6 au zaidi. Weka mashine karibu na ukuta wa kwanza, uso ukiutazama, piga alama mstari ulipopita. Igeuze bila kubadilisha urefu, uso uangalie ukuta wa pili, piga alama ya pili kule. Ihamishe karibu na ukuta wa pili, ipandishe au ishushe mpaka mstari ukae juu ya alama ya pili. Kisha igeuze iangalie ukuta wa kwanza, upige alama ya tatu. Nafasi kati ya alama ya kwanza na ya tatu ni kosa mara mbili. Zikiangukiana, mashine ni nzima. Ile nyekundu, nilipoipima baada ya maafa, kwenye mita 8 ilinipa milimita 14, yaani kosa la 7. Hii ya kijani ilipotoka dukani ilinipa 3, yaani kosa la milimita moja na nusu, na wiki iliyopita imenipa 4. Nyingi za aina hii huahidi kutozidi milimita 3 kwa mita 10, kwa hiyo bado niko ndani. Mstari wa wima unaupima kirahisi zaidi: tundika timazi yako kwenye fremu ya mlango, subiri itulie, uone kama mwanga unafuata uzi juu mpaka chini. Na ukibeba levo kutoka chumba hadi chumba, weka mashine katikati ya alama ya nyuma na ya mbele, na uelekeze uso uleule kwa zote mbili. Hapo hata kosa likiwepo linaongeza kiasi kilekile pande zote, na tofauti inabaki sahihi.

Macho. Kwenye mkoba mnakuja miwani ya rangi, na nimewakuta mafundi wengi, wengine wakubwa kwangu, wanaamini ni ya kukinga. Si ya kukinga. Kazi yake ni kukufanya uuone mstari vizuri zaidi mahali penye mwanga mwingi, na ukiivaa ukaangalia ndani ya leza umejidhuru kama asiyevaa. Leza za kazi yetu zinatakiwa ziwe daraja la 2, chini ya miliwati 1, nguvu ambayo kope hufumba ndani ya robo sekunde kabla jicho halijaumia. Yangu ina kibandiko cha daraja la 2, lakini kwa kifaa kisicho na jina, kibandiko si ushahidi kwangu. Naiweka chini ya kimo cha macho au juu yake, siiweki usawa wa uso wa mtu, na watoto wa mwenye nyumba nawaomba watoke chumbani. Kamera ya simu nayo usiielekeze kwenye mashine ukitaka kupiga picha ya kazi, piga ukuta.

Kuna mwanga mbaya zaidi kwa sababu hauonekani. Kwenye saiti moja walikuja vijana wa intaneti kuvuta faiba, nikawa nawaangalia. Waya wenyewe ndani ya ganda ni kioo chembamba kama unywele. Mmoja ulikuwa umekatika mahali, hawajui wapi. Kijana akachomeka kalamu yenye leza nyekundu upande mmoja, akazima taa za korido, na pale karibu na kona ya dari ganda likawaka nyekundu kama kaa la moto. Mwanga ulikuwa unatembea ndani ya kioo ukigonga kuta zake na kurudi ndani, mpaka ulipokuta ufa ukamwagika. Akanieleza kwamba mwanga unaobeba intaneti yenyewe haupo kwenye rangi ambazo jicho linaona, kwa hiyo ncha ya waya inaonekana nyeusi hata ikiwa hai, na usiisogeze jichoni kamwe. Nyaya za namna hiyo hiyo zimelala chini ya bahari mpaka hapa Dar, ya kampuni ya SEACOM ilifika 2009.

Nilinunua pia futi ya leza, ya mita 40, shilingi 60,000, na nayo nitaisema kwa ufupi. Unaibonyeza, doa jekundu linagonga ukuta, namba inatokea. Mwanga unatembea mita 299,792,458 kwa sekunde, na tangu 1983 mita yenyewe inafafanuliwa kwa mwendo huo, yaani futi yangu ya chuma na hii ya mwanga zote zinapimwa na kitu kimoja. Katika nanosekunde moja, yaani sekunde moja ukiigawa mara bilioni, mwanga unakwenda sentimita 30 tu, kwa hiyo kuhesabu milimita kwa saa ni kazi ngumu. Nyingi ya futi hizi zinafanya ujanja: zinaufanya mwale uongezeke na kupungua nguvu kwa mpigo wa kasi sana, kisha zinalinganisha mpigo uliorudi na ule uliotoka, umechelewa kiasi gani. Wanasayansi wanaupima mwezi kwa mwanga wa leza pia, wakilenga vioo vilivyoachwa huko na Apollo 11 Julai 1969, na wanajua unasogea mbali nasi sentimita 3.8 kila mwaka. Mimi napimia sebule kuhesabu maboksi. Ni nzuri kwa vyumba vitupu. Kwenye kioo cha dirisha inapita nje na kukuletea kipimo cha ukuta wa jirani, na kwenye tailizi nyeusi inayong'aa inachanganyikiwa. Weka kipande cha karatasi pale doa linapogonga. Kwa kukata tailizi ya pembeni bado natumia futi ya chuma.

Tukirudi kwa kijani. Betri moja inanipa saa nne hivi nikiwasha mizunguko yote mitatu, karibu saa kumi nikibaki na mmoja, kwa hiyo zima usiyoihitaji. Kistendi kilichokuja nayo ni chepesi, kilivunjika mwezi wa pili. Nimetengeneza changu cha bomba la chuma. Mfuniko wa betri umelegea, naushikilia kwa selotepu. Rimoti sijawahi kuitumia.

Ukienda kununua, nenda na timazi yako mfukoni. Mwambie muuzaji aiwashe, tundika timazi mlangoni, angalia mstari wa wima. Kisha omba uipime kwenye kuta mbili, hata kama duka ni la mita 6 tu. Ni dakika tano na wengi wanakubali ukiwaomba kwa heshima. Anayekataa muage salama. Gerezani maduka ya vifaa yamefuatana, na linalofuata liko hatua kumi.